Miche ya ndago ya asili: msimu wa pili bila kufungua bomba

Nilinunua trei ya miche 24 ya jamii ya ndago, aina ya asili inayostahimili ukame, nikaipanda kandokando ya njia ya kuingilia nyumbani. Jina ndago huwatisha watu, na wana haki: ile ya shambani ina viazi vidogo chini ya ardhi, ukiing'oa inarudi. Hii niliyopanda hukua kwa kichaka, haitambai. Shika bua lake ulizungushe kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Bua la nyasi ni la mviringo.

Kasoro zipo. Kibandiko kiliandikwa "nyasi za mapambo" tu, bila jina la mmea. Hilo limenikera sana, maana mtu anayetafuta mmea wa asili atajuaje alichouziwa? Halafu miche sita mizizi yake ilikuwa imejisokota chini ya kikopo kama kamba. Niliifungua kwa vidole kabla ya kupanda. Hata hivyo miwili ilikufa.

Iliyobaki 22 imenifurahisha mno. Niliacha sentimita 30 kati ya mche na mche, nikamwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki msimu wote wa kwanza, maana ukame inauweza mizizi ikishashuka, si kabla. Magugu niliyang'oa kwa mkono mpaka vichaka vikakutana. Sasa sina kazi ya kufyeka: navaa glavu, nachana majani makavu kwa vidole kama nywele, na ukingo wa matofali unaonyooka pembeni unafanya bustani ionekane imetunzwa.

Nitanunua tena, ila nitapindua kila kikopo nione mizizi kwanza.