TAHADHARI: Karakana ya kuchonga injini za mbio isiyo na mashine hata moja (Dar)

Wakuu, salaam. Hili nimekaa nalo wiki tatu nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka, basi naandika hivyohivyo. Jina la mtu sitaji kwa sababu nina RB mkononi na shauri liko polisi, lakini kwa anavyofanya kazi, mliokwishapita kwake mtamtambua.

Gari ni Toyota Chaser JZX100, injini 1JZ-GTE. Silinda sita, kipenyo milimita 86, bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma, lita 2.5. Haikuwa na tatizo lolote, tatizo nilikuwa mimi niliyetaka nguvu zaidi. Nikaagiza pistoni za foji (za kufuliwa), saizi 86.5, na wakati ziko njiani nikaanza kutafuta mtu wa kunichongea bloku, yaani kupanua silinda zake.

Jamaa ana ukurasa mtandaoni uliopendeza kuliko gereji zote za mjini. Video za magari juu ya daino (mashine ya kupimia nguvu), cheche, turbo zinapiga miluzi. Ofisi ina bango kubwa, kiyoyozi, makochi na TV. Nyuma kuna mlango umeandikwa "Mashine, wateja hawaruhusiwi". Nikasema hawa wana utaratibu. Leo nikiukumbuka ule mlango naona aibu.

Nikamwambia pistoni bado hazijafika. Akajibu: "Bosi wangu, wewe lete bloku leo tuanze kuchonga. Pistoni zikija zinaingia tu."

Sentensi hiyo ilipaswa kunifanya nigeuze gari. Silinda huchongwa kuifuata pistoni. Fundi anachukua kila pistoni, anaipima kwa mikromita kwenye sketi (ubavu wake wa chini), pale hasa karatasi ya mtengenezaji inaposema ipimwe, anajumlisha uwazi unaotakiwa kati yake na ukuta wa silinda, ndipo anapata ukubwa wa tundu. Pistoni za foji, hasa za aloi ya 2618, hutanuka zaidi zikipata moto kuliko zile za kumiminwa zinazotoka kiwandani, kwa hiyo zinataka uwazi mkubwa zaidi. Zangu ziliandikwa milimita 0.08. Namba hiyo jamaa aliisikia kwangu mara ya kwanza siku nilipokwenda kuchukua bloku, ikiwa imeshachongwa.

Nililipa milioni 1.85 kwa kazi nzima: kuchonga, kuhoni (kulainisha kuta za silinda kwa mawe) kwa pleti, kupiga skimu, yaani kusawazisha uso wa bloku na hedi (kifuniko cha juu cha injini), kuosha. Pesa ilikwenda kwa simu, jina lililotokea si la ofisi wala si lake. Risiti ya EFD nikaambiwa mashine imeharibika. Najua, najua. Msinipige mawe, nimeshajipiga mwenyewe.

Hiyo pleti wengine hamuifahamu. Ni bamba nene la chuma lenye matundu ya silinda, hufungwa juu ya bloku kwa nguvu ileile ya boliti za hedi kabla ya kuhoni. Boliti zikikazwa huvuta kuta za silinda, tundu lililokuwa duara linapinda kidogo. Ukihoni bila pleti unapata duara zuri mezani, halafu unafunga hedi na duara linaondoka. Jamaa alinitumia picha ya "pleti yetu" ikiwa mezani. Nikaipenda, nikaituma hadi kwa washkaji. Miezi miwili baadaye ndipo nilipohesabu matundu. Manne. Injini yangu ina silinda sita.

Bloku ilirudi na karatasi ya vipimo yenye muhuri. Kila silinda ilipimwa kina tatu, juu, katikati na chini, na kila kina pande mbili, kwa hiyo namba 36. Utaratibu wenyewe ni sahihi kabisa, ndio unaotakiwa. Ila zote 36 zilikuwa 86.500. Hakuna hata moja iliyopishana hata kwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtu aliyepima kweli, kwa joto letu hili, hawezi kuleta karatasi ya namna hiyo, maana bloku tu ikitoka kivulini ikakaa juani kipenyo kinaongezeka kama sehemu mbili za mia za milimita. Pistoni zangu zilikuwa za foji kweli, na karatasi nayo ikawa ya foji, kwa ile maana yetu ya mtaani.

Fundi wangu wa Tabata alipoanza kufunga akakuta vifuniko viwili vya meini (vinavyoshika kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni) vimebadilishana nafasi, kranki inazunguka kwa uzito. Kila kifuniko kina namba na mshale, havichanganywi. Nikapiga simu. "Ah, ni kijana tu alichanganya, bosi." Tukavirudisha mahali pake, ikazunguka vizuri, tukaendelea. Hapo napo ningesimama.

Ikawaka. Asubuhi ikiwa baridi inagonga kama mtu anabisha hodi kwa kijiko. Nikampigia. Akasema pistoni za foji ndivyo zilivyo, zinagonga mpaka zipate moto. Wakuu, huyu mtu ni hatari kwa sababu hilo ni kweli. Zinagonga kidogo zikiwa baridi, kisha zinanyamaza. Yangu ikipata moto inagonga vilevile, na moshi wa bluu juu. Kilomita 340, oili imepungua karibu lita nzima. Nikazima, tukafungua.

Fundi akaazima geji ya saa ya kupimia ndani ya silinda. Bloku ikalala ndani usiku kucha ili ipoe sawasawa, asubuhi tukapima. Silinda ya 1 mpaka ya 4 zinavumilika. Ya 5 juu ni 86.58, chini 86.53, yaani imekuwa faneli. Ya 6 imekuwa yai. Beringi zote zina mikwaruzo ya mchanga wa mawe ya kuhoni, kwa maana haikuoshwa. Bloku iliyotoka kuhoniwa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, tena kwa brashi, halafu unapitisha kitambaa cheupe chenye oili ndani ya silinda. Kikitoka kijivu, unarudia. Kipimo hiki hakina gharama na hata wewe usiye fundi unaweza kukifanya palepale kabla hujapakia.

Ubavuni mwa bloku kulikuwa na chaki: "86½ Jumatano". Fundi akacheka, akasema huo mwandiko naujua. Tukaenda eneo la Gerezani kwa mzee mmoja mwenye mashine ya zamani lakini safi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo bloku ililetwa na kirikuu, mwanangu. Nikaambiwa chonga, honi, 86 na nusu. Pistoni sikuziona, na mwenye mali sikumwona. Nilipewa laki na sabini. Ilivyotoka hapa silinda zote zilikuwa sawa."

Nilimwamini nilipokwenda kuangalia upya video ya bloku yangu kwenye ukurasa wa jamaa. Kijana wao ameshika drili ya mkono yenye mawe ya kuhoni, anaisukuma juu chini, muziki unapiga. Silinda ya 5, kisha ya 6. Walikuwa wanatafuta picha nzuri. Nyuma ya ule mlango, nilikuja kuambiwa, kuna stoo na kompresa.

Kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikubali kurudisha laki sita, nimepata laki mbili. Pistoni za 86.5 sketi zimekwaruzika, sasa nasubiri za 87, na safari hii bloku itachongwa na yule mzee huku pistoni ziko mezani kwake. Pleti ya silinda sita hana, alisema mwenyewe kabla sijamuuliza, tunaitafuta ya kuazima.

Ukurasa wa jamaa umebadilishwa jina, video ni zilezile. Nilipokwenda mara ya mwisho kudai, chini ya ngazi niliona bloku mbili za Subaru EJ20 na hedi ya Toyota 3S zimefunikwa kwa boksi. Kama mojawapo ni yako, ifuate leo, na usimpigie simu kwanza.