WhatsApp: kompyuta ya ofisi au simu yako?

Kompyuta ya ofisini ina raha yake: kibodi kubwa, kioo kipana, na intaneti hulipii wewe. Unaskani msimbo kwa simu, umeingia. Lakini mashine si yako. Mwajiri anaweza kuwa ameweka programu inayopiga picha za skrini au kunakili kila herufi unayobonyeza. Wengi hujitetea kwamba WhatsApp inafunga ujumbe wote kwa siri tangu 2016. Ni kweli, ila ulinzi huo ni wa njiani. Ujumbe ukishafunguka kwenye kioo, anayekiona kioo anausoma. Na picha ya kitambulisho au majibu ya hospitali uliyopakua hubaki kwenye folda hata ukishatoka.

Niliwahi kuwasha kompyuta iliyoachwa na mwenzetu aliyehamia idara nyingine. Kabla sijashika kipanya, ujumbe wa mkewe ukatokea pembeni, kuhusu ada ya mtoto na deni la kodi. Nilifunga haraka nikampigia mwenzetu huyo. Hadi leo naona aibu kwa niaba yake.

Simu yako inakula bando, na kuandika maelezo marefu kwa dole gumba kunachosha. Lakini mwajiri hasomi kitu, maadamu hukukubali kuwekewa programu ya kampuni ya kusimamia simu. Ukitumia Wi-Fi ya ofisi, anaweza kujua unatumia huduma gani, si ulichoandika.

Mimi nachagua simu. Ukilazimika kutumia kompyuta, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako, uiondoe kompyuta hiyo kila jioni.