Uzoefu wangu na "Lust for Gold", albamu ya Starflyer 59

Niliifahamu Starflyer 59, bendi ya roki ya Wakristo, nikiwa mwanafunzi, pale mwenzangu wa bwenini aliponinakilia albamu yao moja kwenye sidii isiyo na jalada wala orodha ya nyimbo, na tangu hapo sijaacha kuwafuatilia. Kwa hiyo nilipoinunua "Lust for Gold", iliyotoka mwaka 2024, nilijua ninachokiendea: kazi ya Jason Martin, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeianzisha bendi hii mwaka 1993 huko Riverside, California, na ambaye ndiye pekee aliyebaki ndani yake tangu siku ya kwanza. Nilichokuwa na shaka nacho ni kama mtu aliyerekodi kwa miaka 30 bado ana jambo la kutuambia. Analo.

Jina la albamu lina historia yake. Albamu zao mbili za mwanzo, ya mwaka 1994 na ya mwaka 1995, zilitoka na majalada ya rangi moja tupu, la kwanza la fedha na la pili la dhahabu, na wasikilizaji wakaziita kwa rangi hizo, "Silver" na "Gold". Sasa Martin, mtu mzima mwenye familia, anaitaja tena dhahabu ile, na wimbo mmoja ameupa jina la mwaka wenyewe, "1995". Mwingine unaitwa "909", namba ya simu ya eneo iliyotumika Riverside kabla ya mji huo kuhamishiwa 951 mwaka 2004. Mtu anayeukumbuka mji wake kwa namba ya simu isiyotumika tena hapo ana hamu ya kweli ya nyumbani, na hamu hiyo niliisikia albamu nzima.

Mara ya kwanza niliisikiliza kwa spika ya simu nikiwa jikoni, nikasikia mvumo tu. Usiku nilivaa hedifoni, nikazima taa, na hapo ndipo magitaa yalipoachana. Sisi tuliozoea bendi za kwetu tunatarajia solo lizungumze, rithimu lishike njia na besi libebe, kila moja na kazi yake. Hapa magitaa yamerundikwa: moja linakwaruza chini, jingine linapita juu yake noti zikiyumba kama zinazopeperushwa na upepo, na nyuma yake kuna mengine ambayo nilihitaji usiku wa tatu ndipo niyatambue. Ni sauti ile ile nzito ya miaka yao ya mwanzo, ila sasa inapigwa na mtu asiye na haraka.

Nimeimba kwaya tangu utotoni, na wenzangu niliowasikilizisha waliniuliza kama kweli huu ni muziki wa Wakristo. Swali hilo naliheshimu. Kwaya yetu hufundisha kwamba wimbo usifike ubeti wa pili kabla msikilizaji hajapata ujumbe, ilhali Martin hahubiri. Lebo iliyotoa albamu zake za mwanzo, Tooth & Nail, iliyoanzishwa mwaka ule ule wa 1993, iliwapa nafasi Wakristo waliotaka kupiga roki bila kuugeuza kila wimbo kuwa mahubiri, naye ameishika njia hiyo hadi leo. Kwa miaka mingi amekuwa dereva wa lori katika biashara ya familia yake, na muziki ameufanya kando ya kazi hiyo. Katika albamu ya mwaka 2019 mwanawe ndiye aliyepiga ngoma. Ninapomsikia akiimba juu ya ujana uliopita, kwa sauti ya chini isiyomlalamikia yeyote, nasikia imani ya mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini, na imani ya namna hiyo nimeiona kwa wazazi wangu zaidi ya nilivyoisikia kwenye vipaza sauti.

Kasoro zipo. Sauti ya mwimbaji imezamishwa mno chini ya magitaa, hata maneno mengine nilirudia mara nne na bado sikuyapata. Katikati ya albamu nyimbo zinakaribiana mwendo, na asiyewajua anaweza kuchoka hapo. Mgeni ningemshauri aanze na "Leave Here a Stranger" ya mwaka 2001, iliyosimamiwa na Terry Scott Taylor wa bendi ya Daniel Amos na kurekodiwa kwa mono, yaani sauti zote kwenye njia moja, ambamo sauti ya Martin inasikika wazi zaidi, kisha aje huku.

Niliagiza pia sahani ya santuri, lakini ilinifikia jalada likiwa limekunjika pembe na sahani yenyewe imepinda, na aliyeisafirisha hakukubali kosa. Nitaiagiza tena. Kwa sasa ninayo nakala ya kidijitali, na kila nikitoka kazini bado naanza na "909".