WooCommerce kwa duka la jumla Kigoma: anza na katoni, bei baadaye

WooCommerce ni programu ya bure ya kuuzia bidhaa mtandaoni, inayokaa juu ya WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), na ilitengenezwa kwa kumfikiria mnunuzi wa rejareja. Mwenye duka la jumla pale Mwanga, anayepeleka sabuni, mafuta ya kula na biskuti kwa wenye maduka wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Uvinza, anaweza kuitumia na tunamshauri aitumie. Ila wengi hukimbilia kuweka bei mbili, na kosa kubwa hufanyika kabla ya hapo, kwenye hesabu ya stoo.

Kawaida bidhaa huingizwa kwa sura tatu: kipande, dazeni, katoni. Inapendeza machoni, lakini programu haijui kwamba katoni ina vipande 24. Stoo ikiwa ya pamoja, kuuza katoni moja hupunguza 1, sawasawa na kuuza kipande kimoja. Ukitenga stoo ya kila sura, katoni zitasoma sifuri huku vipande vimejaa rafuni. Njia inayofaa ni kuhesabu kila kitu kwa kipande kidogo kabisa unachouza, bidhaa ibaki moja, kisha uongeze plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kiwango cha chini na mafungu ili mteja wa jumla achukue 24, 48 au 72 tu.

Bei sasa. Plagini ya Wholesale Prices ya Wholesale Suite, hata ile ya bure, huongeza daraja moja la mteja wa jumla na nafasi ya bei ya pili kwenye kila bidhaa. Ukitaka mawakala wakubwa wawe na bei yao tofauti na wenye maduka, hapo utalipia. Kwa kuwa bei ni ya kipande, hakikisha bei ya katoni inagawanyika: 36,000 kwa 24 ni 1,500, lakini 35,000 inaacha senti, na mteja ataona bei ya kipande isiyolingana na jumla yake. Wakala hapendi kabisa kuona hivyo.

Anayejisajili mwenyewe aingie kama mteja wa kawaida. Mpandishe daraja kwa mkono baada ya kuona TIN na leseni. Kama tovuti ina plagini ya kuiharakisha kwa kuhifadhi nakala za kurasa, izuie isihifadhi kurasa za walioingia kwenye akaunti, la sivyo bei ya jumla itamfikia mpita njia. Kuponi nazo zizimwe kwa wa jumla, maana punguzo litakatwa juu ya punguzo.

Nauli ina mtego wake. Fomula ya 1500 * [qty], yaani shilingi 1,500 mara idadi iliyoagizwa, inahesabu vipande, kwa hiyo katoni moja itatozwa 36,000. Tengeneza kundi la usafirishaji (shipping class) kwa kila ukubwa wa katoni na ugawe: 1500 * [qty] / 24. Tena, orodha ya maeneo inaishia kwenye mkoa. Kasulu na Kakonko kwa programu hii ni Kigoma tu. Weka njia kadhaa ndani ya mkoa huohuo, kila moja na jina la kituo, pamoja na moja ya "nauli analipa mpokeaji" kwa mzigo wa boti.

Malipo ya lipa namba yanaweza kupitia njia ya uhamisho wa benki iliyobadilishwa jina. Oda inasubiri uthibitisho na mzigo unatengwa mara moja. Angalizo: oda ya namna hii haijifuti yenyewe. Wakala akikaa kimya siku nne, katoni zake bado zimefungwa na wengine wanaambiwa mzigo umeisha. Pitia oda zinazosubiri kila jioni. Ukiibadili oda kuwa imeghairiwa (Cancelled), stoo inarudi. Mali kauli haina nafasi humu. Njia ya kulipa mzigo ukifika inaruhusu oda kupita, lakini haitunzi deni wala ukomo wa mkopo, kwa hiyo daftari la madeni libaki palepale kaunta.

Mzigo ukifika, funga oda kuwa imekamilika bila kuchelewa. Kitufe cha kuagiza tena huonekana kwenye oda zilizokamilika tu, na kwa mwenye duka anayechukua bidhaa 40 zilezile kila mwezi, hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika programu hii.