Koti la mvua kwa mwendesha baiskeli wa Malindi: lipi ununue, lipi uliache

Mvua ya masika hapa Malindi hainyeshi wima. Kusi huilaza, ikakujia kwa mshazari kutoka baharini, ikaingia shingoni, mikononi na katikati ya zipu. Mimi hutoka Msabaha kila asubuhi kwa baiskeli kuja kazini mjini, na jioni nikirudi upepo huwa mbele yangu upande wa kushoto. Nimeshavaa karibu kila aina ya koti linalouzwa hapa, na ifikapo mwezi wa tatu wenzangu wa njiani, wa baiskeli na wa bodaboda, huanza kuniuliza wanunue lipi. Jibu langu haliwezi kuwa sawa na la mtu wa Ulaya. Koti la baiskeli la huko limeshonwa kupambana na baridi, na sisi adui yetu mkubwa ni jasho.

Mwendesha baiskeli wa Uholanzi au Uingereza hutoka nyumbani mwezi wa Januari kukiwa na digrii 4 au 5. Anahitaji bitana nene na kola ya kufunika shingo. Hapa kwetu, hata alfajiri ya Julai katikati ya kipupwe, ni nadra kushuka chini ya digrii 20. Ile baridi inayokufanya utetemeke ukivuka daraja la Sabaki ni ya maji na upepo. Nguo iliyotota hukauka mwilini mwako, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto lako. Basi koti letu lina kazi mbili. Lizuie maji na upepo wa nje, na liachie jasho litoke. Ya kwanza ni rahisi, hata mfuko wa plastiki unaiweza. Ya pili ndiyo inayotenganisha koti na koti.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya vitambaa, maana ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Makoti ya bei ya juu huwa na utando mwembamba ndani ya kitambaa. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa Marekani mwaka 1969. Una vitundu vidogo mno visivyopitisha tone la maji lakini vinavyopitisha mvuke wa jasho. Maelezo hayo ni ya kweli, ila utando huo haujisukumi wenyewe. Mvuke hutoka nje pale tu ambapo ndani ya koti kuna mvuke mwingi kuliko nje. Ulaya wakati wa baridi hewa ya nje hubeba mvuke kidogo sana, kwa hiyo jasho hutoka kwa urahisi. Malindi mwezi wa tano hewa yenyewe imeshiba maji na ina joto. Tofauti ya ndani na nje inakuwa ndogo, na utando ule ule uliosifiwa huko hufanya hapa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Ndiyo maana mimi nikishika koti hutazama kwanza matundu ya hewa, kabla ya jina la kampuni. Zipu za kwapani, upenyo mgongoni uliofunikwa na kipande cha kitambaa, mikono inayofunguka mwishoni: hivyo ndivyo vinavyofanya kazi katika hewa ya pwani.

Ninayapanga hivi, nikianza na la kwanza.

Namba moja kwa mtu wa baiskeli ni koti jepesi la baiskeli la mtumba, lisilo na bitana, lenye mkia mrefu mgongoni na zipu kwapani. Yanapatikana, ila uwe na subira, kwa sababu hayaji mengi ndani ya robota. Mwombe muuzaji akuwekee, na uende siku anayofungua, kabla ile kamera, yaani nguo bora kabisa za robota, haijachaguliwa na watu wengine. Utalitambua kwa umbo lake. Mbele ni fupi, nyuma ni refu, mikono ni mirefu kuliko ya koti la kawaida. Usilijaribu ukiwa umesimama wima kama mtu anayepigwa picha. Inama, nyoosha mikono kana kwamba umeshika usukani, kisha muulize aliye karibu kama kiuno chako kimeonekana. Kikionekana dukani, njiani kitalowa. Vifundo vya mikono navyo vifunikwe, la sivyo maji yatapanda hadi kwenye kiwiko.

Zipu ya mbele iwe na ulimi wa kitambaa nyuma yake au kifuniko juu yake. Kwa sisi tunaorudi upande wa Msabaha, Gede na Watamu jioni wakati wa kusi, kifua ndicho kinachopigwa, na zipu isiyo na ulimi huvuja kabla hujamaliza mji. Chagua zipu yenye meno ya plastiki. Chumvi ya hewa yetu hula za chuma, na hata zile za plastiki kichwa chake huwa cha chuma, kwa hiyo kipake mshumaa mara kwa mara.

Namba mbili, na kwa mwenye pikipiki naliweka la kwanza bila kusita, ni koti la kazi. Nazungumzia yale ya manjano au machungwa yenye mistari inayong'aa, yanayovaliwa Ulaya na wajenzi wa barabara na mabaharia wa bandarini. Watu huyapita sokoni wakidhani ni sare tu. Tazama lebo ya ndani. Ukiona alama ya mwavuli na maandishi EN 343, umeshika koti lililopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha nguo za mvua. Pembeni ya mwavuli kuna namba. Ya juu ni uwezo wa kuzuia maji, ya chini ni uwezo wa kutoa mvuke, na namba kubwa ndiyo bora. Kipimo cha zamani kiliishia 3, na toleo la 2019 linafika 4. Koti lenye 3 juu na 1 chini litakuacha mkavu kwa mvua na maji kwa jasho, kwa hiyo ni la pikipiki. Lenye 3 juu na 3 chini hata wa baiskeli alichukue mbio. Faida nyingine ni kuonekana. Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na koti lenye viakisi mwanga, na abiria wake vivyo hivyo. Koti kama hili linakuokoa kuvaa kizibao kingine juu yake. Wa baiskeli hatubanwi hivyo, lakini barabara ya Ganda usiku wa mvua haina taa, na koti jeusi katika giza lile linanitia hofu zaidi ya kulowa.

Namba tatu ni poncho, lile joho la mvua lisilo na mikono. Hewa huingia kutoka chini, mapaja yanafunikwa, na hata mzigo mdogo wa mbele unapona. Kwa anayekwenda taratibu kutoka Barani hadi sokoni, siku isiyo na upepo, hakuna linaloshinda raha yake. Lakini kusi ikivuma hugeuka tanga, na tanga ni la jahazi. Nimewahi kusukumwa nalo hadi katikati ya barabara huku lori likija nyuma. Kwenye pikipiki sikushauri kabisa, kwa mvaaji wala kwa abiria, kwa sababu ncha yake inaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu.

Namba nne ni suti ya plastiki, koti na suruali yake, zinazotundikwa nje ya maduka mara tu mawingu yanapokusanyika. Maji hayapiti, bei ni ndogo, na kwa mtu wa bodaboda anayekaa tu bila kupiga pedali inafaa kwa masika moja. Huchanika msambani kwanza. Ukinunua, chukua saizi kubwa kuliko yako ili usiuvute mshono ukipanda.

Koti la baiskeli la majira ya baridi lenyewe, lile zito lenye manyoya ndani, nimeliweka la tano. Ni zuri mno likitazamwa, na mara nyingi ndilo lililo katika hali bora ndani ya robota, kwa hiyo linavutia. Uliache, isipokuwa una safari za Limuru au Nyahururu. Bitana yake ikishanyonya jasho na mvua, kwa hewa yetu haikauki usiku mmoja, na asubuhi utavaa uzito na harufu. Jaketi za ngozi, za jinzi na fulana nene zenye kofia sizihesabu kama makoti ya mvua. Pamba ikilowa hukaa na maji kifuani kama kitambaa cha kumkanda mgonjwa wa homa.

Sasa namna ya kulikagua la mtumba. Sehemu hii naomba uisome polepole, kwa sababu nilijifunza kwa hasara. Vuli ya 2023, mvua za El Niño zilipotukalia, nilinunua koti jeusi zuri la kampuni kubwa, kwa bei iliyoniuma. Nilipolivaa mara ya tatu, ndani yake ulianza kubanduka utando mweupe, ukanata kwenye shati langu kama ngozi ya nyoka anayejivua. Makoti mengi huwa yamepakwa ndani tabaka la poliyurethani, aina ya plastiki, na adui wa tabaka hilo ni joto pamoja na unyevu. Koti likikaa miaka limekunjwa katika kontena au ghala la pwani, tabaka huoza polepole hata kama halijavaliwa siku moja. Kwa nje huoni chochote.

Kwa hiyo ligeuze. Sugua kitambaa cha ndani kwa kidole gumba, hasa mabegani na nyuma ya shingo. Kikinata, kikitoa unga mweupe, au kikiwa na harufu ya uchachu kama matapishi ya mtoto, lirudishe hata kama unapewa kwa bei ya bure. Kisha fuata mishono. Juu ya kila mshono kwa ndani lazima kuwe na utepe uliogandishwa, kwa sababu tundu la sindano ni mlango wa maji. Utepe ukiinuka pembeni mahali pamoja, fundi mzuri anaweza kuugandisha tena. Ukiwa umebanduka kila mahali, hilo sasa ni koti la upepo, nawe lipe bei ya koti la upepo. Mwisho weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, maji nayo yatapita. Ukiwa na shaka bado, muombe mwenye meza kwa adabu: "Mama, niruhusu nijaribu kwa maji kidogo." Fanya kikombe kwa kitambaa cha mgongo, mimina maji, subiri dakika chache, kisha gusa chini kwa kiganja. Hajawahi kunikatalia hata mmoja.

Ukikuta namba 10,000 kwenye lebo, maana yake ni kwamba maabara ilisimamisha juu ya kitambaa maji ya urefu wa milimita 10,000, yaani mita 10, kabla hayajapenya. Tone la mvua halisukumi hivyo, lakini mkanda wa begi begani unasukuma kila unapotikisika. Asiyebeba begi hahitaji kulipia koti la namba 20,000. Kumbuka tu kwamba namba hiyo ilipimwa koti likiwa jipya.

Kabla hujatoa shilingi yoyote kwa koti, tazama madigadi ya baiskeli yako. Zile Black Mamba huja nayo, lakini baiskeli nyingi za mtumba za kupanda milima hazina, na gurudumu la nyuma hukurushia matope ya barabara mgongoni hadi kisogoni. Hakuna koti linalolipa deni hilo. Miguuni mimi huvaa kaptura na kubeba suruali ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ngozi hukauka kabla sijamaliza kuegesha baiskeli.

Koti ukishalipata, lioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, usuuze hadi povu liishe kabisa. Mabaki ya sabuni ya unga huvuta maji ndani ya kitambaa. Kama kisima chako ni cha maji ya chumvi, kama vilivyo vingi karibu na ufuo, tafuta ya mfereji kwa suuzo la mwisho. Lianike kivulini penye upepo, na usilikunje bichi. Maji yakiacha kukusanyika juu yake kama lulu, pitisha pasi ya moto mdogo sana juu ya kanga iliyolitandika, na mara nyingi lulu zitarudi.

Usingoje mawingu ndipo ununue. Mimi huenda kutafuta mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na jua linachoma, wakati ambapo muuzaji mwenyewe ameyasukuma makoti chini ya meza. Mwaka huo wa koti jeusi nilinunua mvua ikiwa imeshaanza, na niliogopa kulowa kuliko nilivyoogopa kulipa. Februari iliyofuata nilipata la kijani kibichi lenye zipu kwapani, nikalipuliza, nikalimiminia maji, tukapatana bei taratibu. Ndilo ninalovaa hadi leo.