Silinda ya 177 kwenye Vespa ya PX150: je, gharama yake inalipa?

Mwenye Vespa anayeipeleka injini kufanyiwa ovahoo hapa Unguja haachi kuulizwa na fundi kama silinda yake ichongwe na kutiwa pistoni ya oversaizi, au iondolewe kabisa na kutiwa seti ya 177, yaani silinda na pistoni kubwa zaidi zinazoifanya injini kuwa ya cc 177. Mimi nilichagua hiyo ya pili kwa PX150 yangu, na kazi ikafanywa katika gereji moja ya Mjini. Tathmini hii inahusu seti yenyewe pamoja na kazi ya kuifunga, kwa sababu seti nzuri iliyofungwa ovyo huharibika upesi kuliko silinda kongwe iliyotunzwa.

Tuanze na vipimo. Silinda ya PX150 ina kipenyo cha milimita 57.8, na pistoni husafiri milimita 57, ndiyo maana injini ikahesabiwa kuwa ya cc 150. Seti ya 177 hupanua kipenyo hadi milimita 63 bila ya kugusa mwendo wa pistoni, kwa hiyo nyongeza ni kiasi cha cc 28, sawa na asilimia 19 hivi. Anayetaraji kwamba kwa nyongeza hiyo atapata chombo kingine atavunjika moyo, kwani mwendo wa juu kabisa kwenye njia tambarare huongezeka kidogo tu. Faida huonekana pale injini inapozunguka taratibu na mzigo upo: ukipanda kilima cha Masingini na abiria nyuma, gia ya tatu hubeba mpaka juu, ambapo zamani ilikuwa lazima kurudi ya pili na kuisikiliza injini ikilalamika.

Seti hizi huja kwa silinda ya chuma au ya aluminiamu, na kwa mazingira yetu sioni sababu ya kununua ya aluminiamu. Ni kweli kwamba aluminiamu hupoza moto haraka zaidi na ni nyepesi. Lakini ndani yake hupakwa utando mgumu ambao ukikwaruzika hauchongeki kwa mashine za kawaida, na mwenyewe hulazimika kuagiza nyengine kutoka ng'ambo. Ya chuma ikichakaa huchongwa ikatiwa pistoni kubwa zaidi, kazi ambayo mafundi wetu wameizoea. Inachodai ni subira ya asubuhi, kwa sababu pistoni ya aluminiamu hutanuka upesi kuliko chuma kinachoizunguka, na anayewasha na kuvuta mafuta papo hapo anaomba injini inoki, yaani pistoni ikwame ndani ya silinda.

Kazi ya fundi kwa sehemu kubwa niliiridhia. Kabla ya kuzivika ringi kwenye pistoni, aliitia kila moja peke yake ndani ya silinda, akaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akaipima nafasi ya mwanya wake kwa kipimo cha mabati membamba. Mshale wa pistoni aliuelekeza upande wa ekzosi kama inavyotakiwa. Kasoro ilikuwa kwenye kabureta, ambayo ilirudishwa na jeti yake ileile ya zamani, yaani kitundu kinachopimia petroli, ilhali silinda kubwa huvuta hewa nyingi na huhitaji petroli zaidi ya kuandamana nayo. Nilipoifungua plagi baada ya safari ya Mkokotoni, ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa badala ya rangi ya kahawia, dalili ya kwamba mchanganyiko umekuwa mwepesi na joto limepita kiasi. Hapo ndipo jeti ikabadilishwa, na taimingi nayo, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, ikarudishwa nyuma kutoka nyuzi 23 hadi kwenye 18, jambo ambalo kwa haki lilikuwa lifanywe siku ya mwanzo bila ya kuombwa.

Kuhusu gharama, bei ya seti isimdanganye mtu. Kwangu mimi haikufika nusu ya fedha zilizotoka, kwa kuwa nguvu mpya hupita kwenye vifaa vilevile vya zamani: beringi za kranki, sili zake, na sahani za klachi ambazo huanza kuteleza mara tu zinapobanwa zaidi ya zilivyozoea. Petroli nayo huongezeka, ingawa kipimo cha oili inayochanganywa nayo hubaki palepale, mililita 20 kwa kila lita ya petroli.

Kwa hiyo, ikiwa injini imeshafunguliwa na silinda imeshachongwa mara kadhaa, tofauti ya fedha baina ya kuichonga tena na kutia 177 inastahili kulipwa. Injini ambayo bado ni nzima sioni haja ya kuifungua kwa ajili ya cc 28, na aliyekuwa na hamu hiyo atafaidika zaidi kwa kusafisha ekzosi iliyojaa masizi na kutia klachi mpya. Ama yule anayekwenda Nungwi na kurudi kila siku, kiasi cha kilomita 60 kwa upande mmoja, tena akiwa na abiria na mzigo, huyo atafute injini kamili ya cc 200, ambayo huingia kwenye fremu hiyohiyo ya PX. Ina pistoni ya milimita 66.5, kabureta kubwa zaidi na klachi yenye nguvu zaidi, yote yakiwa yamepangwa pamoja tangu kiwandani.

Jamaa wa Pemba wana hesabu yao. Vilima vya baina ya Chake na Wete si virefu, lakini hufuatana, na 177 huvifaa vizuri mradi gia ya klachi ibaki na meno yake 21. Fundi akishauri kuongeza jino moja ili chombo kikimbie zaidi, ushauri huo unafaa kwa njia tambarare za Unguja. Huko kwenu Pemba, jino hilo litakula nguvu yote uliyoilipia.