Diski ya kupeana: exFAT au NTFS?

Hapa Ngamiani, Tanga, sisi wapiga video za harusi tunapeana diski kila wiki: huyu ana Windows, yule Mac. exFAT na NTFS ni mifumo miwili ya kupanga mafaili ndani ya diski. Kwa kuhama mashine, exFAT inashinda. Windows na Mac zote huisoma na kuiandikia bila programu ya ziada. NTFS, Mac huisoma tu.

Ila umeme ukikatika katikati ya kunakili, NTFS hutunza kumbukumbu ya mabadiliko inayoisaidia kujirekebisha. exFAT haina. Niliwahi kuchomoa diski ya exFAT huku taa yake bado inapepesa. Folda ya akdi ikafunguka tupu, na akdi haipigwi mara ya pili.

Diski yako inazunguka kwa watu? Weka exFAT, uitoe kwa utaratibu (Eject) kabla ya kuichomoa. Haitoki kwenye Windows? NTFS. Kabla ya kubadili, hamisha kazi zako kwanza, maana kufomati, yaani kuiandaa diski upya, hufuta vyote.